Mwalimu kamkata mtoto alama kwenye swali la kipeuo, niende shuleni au niache? Naombeni ushauri

Salama_Kusini (mleta mada): Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri na kejeli tuweke pembeni, maana usingizi sina. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili. Jaribio la mwezi liliuliza √(x + 7) = x − 5. Kaweka pande zote kwenye kipeo cha pili, kapata x + 7 = x² − 10x + 25, kahamisha, x² − 11x + 18 = 0, mabano (x − 9)(x − 2), kajibu 9 na 2. Hakuna mstari wenye kosa. Mwalimu kaikata ile 2 kwa wino mwekundu na kumpa nusu ya alama. Je, nianzie kwa mwalimu wa taaluma au niende kwa mkuu wa shule moja kwa moja?

Shangazi_Mkali: Anza na mwalimu mwenyewe, mwanangu, tena mkiwa wawili tu. Mimi nilimfokea mwalimu wa kijana wangu mbele ya darasa. Kijana hakunyoosha tena mkono kuuliza swali mpaka anahama shule.

Fundi_Kenchi: Mie napiga kenchi. Kona naipima kwa 3, 4, 5. Chumba cha mita 4 kwa 4, ulalo wake ni 4√2, kama mita 5.66. Mbao ya urefu hasi sijawahi kuuziwa 😂

Mwalimu_wa_Zamu: Hakuna aliyerudisha 2 kwenye swali? √(2 + 7) ni √9, yaani 3. Upande wa pili 2 − 5 ni −3. Hazilingani. Weka 9: √16 ni 4, na 9 − 5 ni 4. Jibu ni 9 peke yake.

Salama_Kusini: Kipeuo cha 9 si 3 au −3, mkuu? Ukichukua −3 pande zinalingana. Ndivyo walivyoandika watoto wote.

Mwalimu_wa_Zamu: Watoto wote wa wapi tena? Tulianza na mtoto wa dada.

Msomaji_Usiku: Wakati tunasubiri jibu: alama √ ilichapwa na Mjerumani Christoff Rudolff mwaka 1525, bila kistari cha juu. Kistari kaja nacho Descartes mwaka 1637. Huku kwenye simu mabano ndiyo yanashika kazi yake. √(9 + 16) ni 5, lakini √9 + √16 ni 7. Wanaovunja jumla ndani ya kipeuo ni wengi mno.

Shangazi_Mkali: Salama, tunakungoja.

Salama_Kusini: Sawa. Tuisheni naifundisha mimi, nyumbani, jioni. Mtoto wa dada ni mmoja wao. Wote wamekatwa palepale na wazazi wananiuliza. Barua kwa mkuu wa shule nimeshaiandika, baadhi ya wazazi wametia saini. Sioni ubaya wa kuipeleka, shule haiwezi kukata alama bila maelezo.

Kipanga: Hii chai. Mara mtoto wa dada, mara darasa zima, sasa barua ina saini. Na swali lenyewe limetoka namba nzuri, 9 na 2, kama la kupikwa. Mtu kapewa kazi ya nyumbani anataka tumfanyie.

Fundi_Kenchi: Ya moto kabisa hii ☕

Salama_Kusini: Sijatunga. Karatasi ninayo hapa. Pembeni ya 2 mwalimu kaandika "rudi kwenye swali".

Mwalimu_wa_Zamu: Basi maelezo alitoa, Salama. Na maswali ya shule hupangwa yatoe namba nzima, Kipanga, mimi mwenyewe nayapanga hivyo. Twende kwenye hoja. x² = 9 ina majibu mawili. √9 ni moja, 3. Ukitaka lile hasi unaandika −√9. Tazama kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili: tunaandika ± kabla ya √ kwa sababu alama yenyewe haileti hasi. 2 imetoka wapi? 3 na −3 zikipandishwa kipeo cha pili zote zinakuwa 9, kwa hiyo ulipopandisha, mlinganyo −√(x + 7) = x − 5 ukaingia humohumo, na 2 ni jibu la huo. Kabla ya kupandisha mtoto aone kwamba x − 5 haiwezi kuwa hasi, basi x isipungue 5.

Shangazi_Mkali: Na barua?

Salama_Kusini: Barua naishikilia kwanza. Lakini wazazi niwaambieje, shangazi? Wanalipa. Nitawafundisha watoto kwamba ndogo inatupwa, basi.

Mwalimu_wa_Zamu: Hapana! Wape hili kesho: √(2x + 3) − √(x − 2) = 2. Hamisha kipeuo kimoja, pandisha, kusanya, pandisha tena.

Salama_Kusini: Nimefika x² − 14x + 33 = 0. Napata 11 na 3. Natupa 3?

Kipanga: Weka 3 kwenye swali. √9 − √1 = 2. Na 11, √25 − √9 = 2. Hutupi kitu.