Dogo ana kifafa na akili inamruka, wanataka kumwekea kifaa cha kushtua neva. Tukubali?

Wakuu habari za usiku. Dogo yuko Leicester, Uingereza, ana miaka 31, kifafa tangu utotoni na dawa tatu hazijamshika. Sasa balaa jipya, akianguka mfululizo mara nne tano, siku mbili anakaa mzima kabisa anataniana na watu, ya tatu anaanza eti majirani wanamsikiliza ukutani, wiki nzima hivyo halafu inapotea. Madaktari wanataka wamwekee kifaa chini ya mtulinga wa kushoto, waya unapanda kwenye neva ya vegasi shingoni, ule mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ubongo. Bi mkubwa huku Tanga anasema mnamgeuza mwanangu redio. Mimi nawaza tu, mtu anayeona anasikilizwa ukimpachika waya shingoni si ndo umemthibitishia?

Mama Zuhura: Pole sana. Binti yangu anacho mwaka wa tano huu. Kinapiga sekunde 30 kila baada ya dakika 5 hivi, kikipiga sauti inakwaruza kama ana mafua. Hajapona, ila kuanguka kumepungua zaidi ya nusu na ilichukua kama miaka miwili, dawa bado anameza. Betri ikiisha wanamfungua tena.

Kijiti: Mleteni Pangani asomewe, waya wa nini

Nesi wa Zamu: Kijiti asomewe sawa ila dawa asiache. Mkuu, hiyo ya kuwa mzima siku mbili halafu akili inaruka inajulikana, ni saikosisi, yaani akili kuchanganyikiwa, inayofuata baada ya kuanguka mfululizo, kwahiyo akianguka kidogo nayo inaweza kupungua. Ila wapo ambao kifafa kikitulia ghafla ndo wanachanganyikiwa, daktari mmoja, Landolt, aliliandika hilo miaka ya 1950 na hata kwa wenye kifaa imeshatokea. Umeme upandishwe polepole na daktari wa akili awepo tangu mwanzo. Kingine, anatumia Keppra, ile dawa ya kifafa? Ile yenyewe inaweza kuleta hasira na hata kuona mambo, waulizeni kabla ya kisu.

Mama Zuhura: Na hiyo hofu yako, kuna sumaku wanampa. Akiipitisha juu ya kifaa kinapiga pigo la ziada, akiibandika ikae hapohapo kinanyamaza. Anayekizima ni yeye. Mwonyesheni akiwa na akili zake, aishike mwenyewe.

Mleta uzi: Keppra anatumia, tena waliongeza dozi mwezi wa tatu, sijawahi kuunganisha hayo mawili!! Kesho nampigia. Mama Zuhura nitumie PM picha ya kovu, nimwonyeshe bi mkubwa.