Isis au Maat? Naombeni ushauri wa jina la mtoto

BabaMtarajiwa: Habari wakuu. Tumebaki na majina mawili ya Misri ya kale, Isis na Maat. Lipi lina maana na historia nzuri zaidi?

KalamuNyeusi: Mkuu, mtoto wa kike au wa kiume? Mnaishi wapi? Dini? Unataka tushauri gizani?

BintiSengerema: Maat, bila kusita. Ndiye mungu wa kike wa ukweli na haki. Wamisri waliamini moyo wa marehemu unapimwa kwenye mizani na unyoya wa mbuni, alama ya Maat. Ukiwa mzito, unaliwa na Ammit, yule zimwi la kuzimu. Jina la kumlea mtoto hilo.

MamaWawili: Mdogo wangu, maana ni nzuri, ila binti yangu wa kwanza ndiye Maat. Siku ya kwanza chekechea mwalimu aliita majina akasoma "Maiti". Watoto wakalidaka hapo hapo. Ikawa kila asubuhi analia, sare hataki kuvaa. Nikaenda kuongea, wakanyamaza wiki mbili, wakarudia. Zahanati nako karani akaandika Maiti kwenye kadi ya kliniki. Nilirudi nayo nyumbani nikaificha kabatini. Sasa ana miaka tisa, tunamwita kwa jina la ubatizo.

KalamuNyeusi: Pole sana dada. Tuje kwa Isis, naye mungu wa kike. Hayo ni matamshi ya Kigiriki, Wamisri walimwita Aset, na jina lake liliandikwa kwa alama ya kiti cha enzi, kile kile anachochorwa nacho kichwani. Mungu Seth alipomkatakata ndugu yake Osiris, Isis, mke wa Osiris, alizunguka kuokota vipande, kisha akamlea mwanao Horus mafichoni kwenye matete ya Delta ya Nile. Hekalu lake la Philae, kisiwa cha mto Nile, lilitumika kwa ibada hadi karne ya 6, Kaisari Justinian alipolifunga. Tatizo ni kundi la kigaidi lililovuma 2014 kwa kifupi hicho hicho. Marekani wazazi wengi waliliacha jina. Fikiria pasipoti ya mtoto.

MtuWaParokia: Mkristo kumpa mtoto jina la mungu wa kipagani, hapana.

KalamuNyeusi: Parokiani kwenu hakuna akina Isidori? Ni Kigiriki, "zawadi ya Isis".

BabaMtarajiwa: Samahani kwa kuchelewa. Ni wa kike, tuko Mwanza, Wakatoliki, mama yuko wiki ya 38. Na baba yangu mzazi ni Isidori! Sikujua kabisa.

BintiSengerema: Basi Isidora, jina la babu yake.

MtuWaParokia: Mtakatifu Isidori yupi, mkulima wa Madrid au askofu wa Sevilla?

BabaMtarajiwa: Mzee alizaliwa Aprili.

MtuWaParokia: Askofu huyo. Sikukuu yake ni Aprili 4, ya mkulima ni Mei 15. Mapadre wa zamani walitazama kalenda ya watakatifu kumpa mtoto jina.

MamaWawili: Si lazima. Babu yetu alizaliwa Novemba na ni Isidori, alirithi kwa msimamizi wake wa ubatizo. Mwulize mzee mwenyewe.

BabaMtarajiwa: Nampigia jioni. Ila mke wangu amesoma yote haya na bado anasema Maat.