Mchumba wangu kaijua muvi kabla hatujaiangalia. Niendelee na ndoa au nisitishe?

Kijana wa Ilomba
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa watu wazima, matusi wekeni pembeni.

Nina mchumba, yeye anakaa Uyole, mimi Ilomba. Wenzetu wanashinda baa, sisi starehe yetu ni muvi. Kila wikiendi anakuja, tunapika, tunaweka laptopu juu ya stuli, blanketi moja maana baridi ya Mbeya mnaijua, tunaangalia mpaka mwisho. Tulikubaliana jambo moja tu: muvi kubwa haangalii mtu peke yake.

Sasa kuna hii Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025. Tumeiweka kiporo muda mrefu kwa sababu kopi za mwanzo zilirekodiwa ukumbini kwa kamera, unaona mpaka kichwa cha mtu anayeenda chooni. Majuzi nikapata kopi safi, nikamwambia Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Akafurahi kabisa.

Alhamisi tunashuka daladala Kabwe, kuna mzee anapiga gitaa pembeni ya barabara. Mchumba akampa shilingi mia mbili, akacheka, akasema, "Kama yule babu wa Sinners pale mwishoni, anayekataa." Halafu akashtuka. Akaanza kumuulizia mama mmoja bei ya viazi.

Wakuu, miguu iliniisha nguvu. Kaiangalia lini? Na nani? Mtu akikudanganya kwenye muvi, kwenye ndoa itakuwaje?

Ulanzi Mbichi
Wenzako wanafumania meseji, wewe umefumania babu na gitaa 😂😂 Ngoja nivute kigoda.

Komredi wa Makambako
Mtoa mada, mchumba muache kwanza, tuongelee muvi. Nimeiangalia wiki iliyopita na bado inanitembea kichwani.

Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote kaigiza Michael B. Jordan, wanarudi kwao Mississippi mwaka 1932 na hela za Chicago. Wananunua kiwanda chakavu cha kupasua mbao, usiku huohuo wanafungua ukumbi wa pombe na muziki. Kwetu ungesema kilabu cha ulanzi chenye bendi. Kinachonifurahisha ni kwamba nusu ya kwanza jamaa hana haraka kabisa. Watu wanazunguka wanatafuta mpishi, wanatafuta wa kuandika kibao, wanambembeleza mzee mlevi aje apige muziki. Mke wangu akasinzia, akasema hii muvi ya kufungua biashara itaisha lini. Halafu dogo Sammie anaanza kuimba, mara unaona wacheza ngoma wa Afrika, mwenye gitaa la umeme, vijana wa hip hop, wa zamani na ambao bado hawajazaliwa, wote ukumbi mmoja, na paa linawaka moto juu yao. Nilimwamsha mke wangu. Nikairudisha nyuma ili aione.

Lawama yangu ni moja: nusu ya pili wanyonya damu wanakimbizana kama muvi nyingine zote. Pale Coogler alitakiwa atulie.

Kigagula wa Mbalizi
Komredi, hapo ndipo unapokosea. Wale hawaingii mpaka wakaribishwe, ndiyo utamu wenyewe. Wanasimama mlangoni wanapiga hodi kwa adabu, wanaimba vizuri, wana hela mkononi. Mimi nilikuwa namwambia yule mlinzi wa mlangoni kwa sauti, "Usimwitikie!" Jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Kijana, nimesoma habari yako mara ya kwanza nikasimama kwenye neno blanketi. Mahari imetoka? Barua imejibiwa? Msichana analala wapi muvi ikiisha saa sita usiku na daladala za Uyole hakuna? Hayo ndiyo ya kuulizwa kabla ya babu wa Marekani.

Pia vijana mnapenda sana ya nje. Tunayo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, imetokana na riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 1950, imesemwa kwa Kiswahili kilichonyooka. Mwaka 2021 ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto. Nani kati yenu ameiangalia?

Ulanzi Mbichi
Shikamoo Mwalimu. Mimi riwaya nilisoma shule, muvi nasubiri kopi safi.

Mama Kihesa
Kamwene wanangu. Mimi nina langu linalofanana na hili, labda kuna wa kunisaidia. Miaka mingi iliyopita natoka Dar na basi, wakaweka muvi ya Kibongo. Dada wa kazi anataka kumtilia mama mwenye nyumba sumu kwenye uji. Tumetoka Mikumi anatafuta sumu. Tunapanda Kitonga, basi linanguruma taratibu nyuma ya malori, ameshapata sumu, anakoroga. Mama yupo mezani ameshika kijiko, dogo anaingia anasema "Mama usile," konda naye anapiga kelele, "Iringa! Wa Iringa tushuke!" Nimeshuka na mizigo yangu, basi likaondoka kwenda Mbeya na watu wote wanaojua mwisho. Mpaka leo sijui kama yule mama alikula ule uji.

Na wewe mwanangu wa Ilomba, vipande vya muvi vimejaa TikTok. Binti kaona kipande huko, basi. Usimpoteze mtoto wa watu.

Kijana wa Ilomba
Asante mama, lakini hana bando la TikTok. Bando namnunulia mimi, najua linavyokwenda.

Nguzo ya Iyunga
Makubwa. Mtoa mada, swali dogo. Mchumba kasema "yule babu wa Sinners pale mwishoni". Wewe muvi hujaiangalia, mnaingoja Jumamosi. Ulijuaje kama kweli mle ndani kuna babu?

Kijana wa Ilomba
Mkuu hilo si la msingi. Mada ni uaminifu.

Nguzo ya Iyunga
Ndilo la msingi. Mimi mtu akiniambia kuna babu kwenye muvi nisiyoijua, namuuliza babu gani. Miguu hainiishi nguvu. Na kwa nini hukumuuliza palepale Kabwe?

Ulanzi Mbichi
Jamani nani ana karanga?

Kijana wa Ilomba
Sawa, niseme ukweli ili nisaidike. Niliiangalia. Ila mnielewe, sikuiangalia kama starehe. Nilikuwa naikagua. Siwezi kumwekea mchumba muvi ambayo sijui ndani kuna nini, kuna picha nyingine za aibu. Mwanaume lazima atangulie kuona njia. Na siwezi kumuuliza yeye, kwa sababu nikimuuliza atajua na mimi najua. Hapo ndipo nilipokwama.

Kigagula wa Mbalizi
Ulikagua saa mbili na dakika 17 zote? Mpaka babu?

Mama Kihesa
Ulikagulia wapi, mwanangu?

Kijana wa Ilomba
Kwa rafiki, Mafiati.

Mama Kihesa
Rafiki anaitwa kaka au dada?

Kijana wa Ilomba
Ni mfanyakazi mwenzangu. Jinsia yake haihusiani na mada. Ana TV kubwa, na kwangu siku ile umeme ulikuwa umekatika.

Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Blanketi la pili hilo.

Komredi wa Makambako
Kwa hiyo makubaliano umeyavunja wewe, kwa mtu mwingine, halafu unataka kumwacha mwenzako aliyefanya kitu kilekile. Mkuu, mwombe radhi, wekeni muvi Jumamosi, kila mtu ajifanye hajui. Mimi na mke wangu tumeishi hivyo miaka mingi na tunaendelea vizuri.

Kijana wa Ilomba
Sijafanya kitu kilekile. Mimi nilikuwa na sababu. Halafu tayari nimeshamwambia mshenga asimame kwanza, sehemu ya mahari iliyobaki isipelekwe Jumapili mpaka nielewe. Siwezi kutoa ng'ombe kwa mtu wa siri.

Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Umesimamisha ng'ombe kwa ajili ya sinema! Wazazi wa binti wameambiwa sababu gani?

Kijana wa Ilomba
Mshenga kawaambia kuna ugonjwa wa mifugo.

Ulanzi Mbichi
🤣🤣🤣 Nimeanguka kitandani.

Bosi wa Flashi
Nimechelewa kwa sababu nilikuwa dukani. Nina kibanda cha kujaza muvi Mwanjelwa, hii Sinners nimewajazia watu wengi kuliko muvi yoyote ya mwaka ule. Mtoa mada, pale Mafiati uliangalia kopi ipi?

Kijana wa Ilomba
Ile ya mwanzo ya kamera. Ilikuwa zamani, kabla sijapata hii safi. Kwa nini?

Bosi wa Flashi
Kwa sababu kile kipande cha babu hakipo kabla ya majina. Muvi "inaisha", majina yanaanza kupanda, watu wanainuka, ndipo kinakuja. Ni mwaka 1992, Chicago, Sammie amezeeka, anapiga gitaa kilabuni, na aliyemwigiza ni Buddy Guy, mpiga blues wa kweli kabisa. Stack na mpenzi wake Mary, walioshageuka wanyonya damu, wanamfuata hawajazeeka hata kidogo, wanataka kumpa maisha yasiyoisha, anakataa. Majina yakiisha yote kuna kipande kingine kifupi tena, Sammie kijana na gitaa lake kanisani.

Kopi ya kamera niliyokuwa nayo mimi, na wenzangu wote pale sokoni tulikuwa nayo hiyohiyo, aliyeirekodi alizima majina yalipoanza tu. Wateja walirudi kunigombeza walipopata stori ya babu kwa watu waliokwenda sinema Dar. Nikawaambia mimi sikuwepo ukumbini. Sasa wewe babu umemwona wapi?

Mpole wa Mafinga
Asanteni sana kwa kunimalizia muvi. Nilikuwa nimeihifadhi ya Pasaka.

Nguzo ya Iyunga
Nilijua. Hii chai.

Kigagula wa Mbalizi
Chai ya Mufindi, daraja la kwanza, imekaushwa vizuri.

Ulanzi Mbichi
Na ya Rungwe wamechanganyia humohumo.

Kijana wa Ilomba
Labda ilikuwa kopi nyingine. Siwezi kukumbuka kila kitu. Mnanihoji kama mahakamani.

Nguzo ya Iyunga
Nimepekua nyuzi zako za nyuma. Mwezi wa tatu uliomba ushauri, ukaandika "mke wangu anakataa kuhamia Mbozi na watoto". Leo una mchumba Uyole. Yupi ni yupi?

Kijana wa Ilomba
Ule niliandika kwa niaba ya rafiki yangu, hana simu janja.

Kigagula wa Mbalizi
Rafiki wa Mafiati? Mwenye TV kubwa lakini simu ya kitochi?

Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Mimi nimetumia muda wangu kumshauri huyu. Nilikuwa nimeshaandika aya tatu nyingine kuhusu uchumba wa enzi zetu. Nimezifuta.

Mama Kihesa
Hata kama ni uongo, kuna msichana mahali fulani anafanyiwa hivi hivi. Mimi sijutii nilichosema.

Komredi wa Makambako
Turudi kwenye muvi basi. Bosi kagusa kitu. Yule babu alikataa kwa nini? Mimi kwangu jibu ni pale anaposema kwamba mchana ule, kabla jua halijazama na mambo hayajaharibika, ndiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote maishani mwake. Na Stack anamkubalia! Mtu aliyepewa uzima wa milele anakiri siku yake bora ilikuwa ya mwisho kuliona jua na kumwona pacha wake. Sasa nusu ya kwanza ile mke wangu aliyosinzia, ya kutafuta mpishi na kibao, ndiyo siku yenyewe hiyo. Bila kipande cha babu muvi ni nyingine kabisa. Aliyeangalia kopi ya kamera aanze upya.

Bosi wa Flashi
Ndiyo maana nawaambia wateja msichomoe flashi mkiona majina.

Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Nawe Bosi, kazi yako hiyo Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inaijua. Siku moja tutaongea.

Bosi wa Flashi
Shikamoo Mwalimu. Vuta N'kuvute sinayo dukani, hata nikiletewa sitaijaza. Za nyumbani sigusi.

Kijana wa Ilomba
Wakuu, tuweke utani pembeni. Mshenga kanipigia sasa hivi, yuko stendi ya Nane Nane, gari la Tukuyu linaondoka. Anauliza aende au arudi nyumbani. Nimwambie nini?

Bosi wa Flashi
Mama Kihesa, ile muvi yako ya uji. Muvi za Kibongo enzi hizo zilikuwa zinauzwa mbili mbili, sehemu ya kwanza diski yake, ya pili diski yake, ili ununue zote. Nina wasiwasi konda alikuwa na ya kwanza tu. Waliobaki kwenye basi nao hawajui.

Mama Kihesa
Yaani miaka yote hii nawaonea wivu watu wa Mbeya bure!

Bosi wa Flashi
Nitajie waigizaji unaowakumbuka, nitakutafutia ya pili. Dada wa kazi alikuwa mweupe au mweusi?

Mama Kihesa
Maji ya kunde, ana pengo la mbele. Na mama mwenye nyumba alikuwa na wigi jekundu.