Mjukuu wangu kakatwa alama kwa kumtaja Sultani Barghash

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Kaulizwa kwenye mtihani uchapaji uliingiaje Zanzibar. Akaandika wamishonari wa Kiingereza, akaongeza na mtambo wa kuchapa wa Sultani Barghash wa Zanzibar. Mwalimu kampiga Barghash mstari mwekundu, pembeni kaandika "haimo kwenye notisi". Nimefunga safari hadi shuleni. Jibu nililopewa: mzee, mitambo ililetwa na wamishonari, basi.

Basi nini? Wamishonari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walitangulia, hilo silikatai. Walikuwa na mtambo Unguja tangu miaka ya 1860, na mmishonari wao Edward Steere alichapa Kiswahili palepale. Lakini miaka ya 1880 Barghash naye alikuwa na wake, unachapa kwa Kiarabu vitabu vya sheria vya Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya Sultani mwenyewe, kikiwemo Qamus al-Sharia, kitabu cha majuzuu kwa majuzuu. Ujuzi ulitoka Ulaya, sawa. Sultani aliutaka, akaugharimia, akautumia kwa elimu aliyoithamini yeye. Ukimfuta, unamfundisha mtoto kwamba watu wa pwani hii walikaa tu wakingoja kuletewa.

Na huo wa misheni wenyewe, nani aliushika? Vijana waliokombolewa utumwani! Mimi nimeingia kwenye chapa mwaka 1984, enzi za herufi za madini ya risasi. Unaokota herufi moja moja kwenye kasha, zote zimegeuka kama unazitazama kwenye kioo, unapanga neno, unapanga mstari, jioni vidole vyeusi na macho yanawaka. Ukurasa ukikuponyoka, kazi ya kutwa nzima imemwagika sakafuni, unaanza kuokota upya. Kazi hiyo ndiyo waliyoifanya wale vijana, kwa lugha ambayo wengi wao hawakuzaliwa nayo. Mwaka 1888 Kiungani, shule ya misheni hiyo Unguja, ikatoa gazeti, *Msimulizi*, lenye habari za wanafunzi wenyewe. Kwenye notisi hawamo hata kwa nusu sentensi. Nimezisoma zote, ukurasa kwa ukurasa.

Alama mbili si kitu. Kilichoniuma ni mtoto kunijia na daftari: "Babu, kwa hiyo nifute?"

Nimemwambia asifute. Jumatatu narudi shuleni. Mwenye picha ya ukurasa wowote uliotoka kwenye mtambo wa Barghash, tafadhali aiweke hapa, niende nayo mkononi.