Herufi za Kiassam kwenye programu za ofisi: hivi hawa jamaa wanatutania?

Wakuu heshima kwenu, ila leo mnivumilie maana nina hasira. Mi niko Guwahati, huku Assam, India, kazi yangu kupanga kurasa na kuprinti, wateja wangu wanaandika Kiassam, na hii programu ya ofisi tunayoilipia kila mwaka (jina silitaji) imenichosha kabisa.

Shule moja wametaka barua yenye kichwa প্ৰধান শিক্ষকৰ কাৰ্যালয়, yaani ofisi ya mwalimu mkuu. Kwangu iko safi. Wanafungua kwao, prrr! Kwenye কাৰ্যালয় ile R ilitakiwa ipande juu ya herufi inayofuata kama kimstari cha mshazari, sasa imesimama katikati ya neno na ile alama ya kuua irabu, hasanta, imening'inia kwenye kiduara cha vinukta. Na প্ৰ ya mwanzoni ndo imeachana kabisa, P kivyake R kivyake. Mwalimu mkuu kaniuliza kama najua ninachoandika.

Kinachouma ni hiki: palepale kwenye mstari huohuo ক্ষ imetoka bila kasoro, na hiyo ni K na SH zimesukwa hadi huzitambui! Kwa hiyo msiniambie ati mwandiko ni mgumu. ক্ষ Wabengali, majirani zetu tunaochangia nao mwandiko, nao wanayo. R ya Kiassam ৰ hawana, ya kwao ni র yenye nukta chini. Unicode, ule mpango wa kuipa kila herufi namba yake ya kompyuta, iliziweka zote kwenye fungu moja linaloitwa Bengali, ৰ ikapewa namba U+09F0 na ৱ (W ya Kiassam) U+09F1, huko mbali kabisa na wenzao, na mtengeneza fonti akishapima Kibengali anafunga kazi anaenda kulala. Fonti ikikosa ৰ programu inaazima kimyakimya kwenye fonti nyingine, na herufi zikishakuwa za fonti mbili haziungani tena ng'o, sababu kanuni za kuunganisha zimo ndani ya kila fonti. Nyingine ৰ wanayo ila wamesahau kuiwekea kanuni ya kupanda juu, matokeo ni yaleyale.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu lao, nitumie fonti ya Kibengali kwa kuwa mwandiko ni mmoja. Kha! Si ndo hiyohiyo imeniletea balaa? Lugha ya watu zaidi ya milioni 15 kwa sensa ya 2011, serikali ya India mwaka 2024 imeipa hadhi ya lugha ya kale yenye heshima zake, halafu mtu ananiambia nibandike ya jirani.

Na kile kiboksi cha kuchagua fonti nacho usanii mtupu, unachagua fonti inabadilika ya Kilatini tu, ya Kiassam inabaki vilevile mpaka uzame kwenye mipangilio ya ndani, nani ana muda huo na foleni ya wateja mlangoni?

Ndo maana wachapaji wa zamani hawataki kuachana na Geetanjali na wenzake, fonti zilizopachika herufi za Kiassam kwenye namba za kompyuta za herufi za ABC. Zinaprinti vizuri, siwalaumu, ila mtumie mtu faili asiye nayo uone, anakutana na takataka za Kilatini, na kutafuta neno ndani ya faili ndo usahau.

Nimejaribu LibreOffice, programu nyingine ya ofisi, ambayo tangu toleo la 5.3 la 2017 inatumia injini ya HarfBuzz kupanga maandishi kwenye mifumo yote, nikaweka fonti ya Lohit Assamese, R ikapanda bila ubishi. Vya bure hivyo! Shida shule hawataki kuhama programu.

Sasa anayejua namna ya kuizuia isiazime fonti kimyakimya, au ya kuifunga fonti ndani ya faili ikafunguka sawa kwenye mashine yao ya zamani, aniambie. Na wale wa "tuma PDF", mwalimu anataka abadilishe tarehe mwenyewe kila barua.