Kuokota simbi na makombe: twende Mbudya au Kigamboni?

Mama wa Tegeta
Ndugu zangu, nina binti wa miaka 11 ambaye, tangu tulipowatembelea jamaa zetu Bagamoyo, amekuwa akihifadhi simbi na makombe ya kila namna katika kopo la maziwa ya unga. Ninakusudia kumpeleka kisiwa cha Mbudya siku ya kazi, wakati ufuko umetulia, ili aokote bila kukanyagwa na wageni wa mwisho wa juma. Ningependa kujua twende saa ngapi, na pia kama ni kweli, kama alivyonieleza nahodha mmoja, kwamba haturuhusiwi kuondoka na chochote kisiwani.

Mzee wa Kunduchi
Mama, nahodha amekuambia kweli. Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na kiingilio mtakacholipa ni cha hifadhi hiyo. Binti anaweza kutazama, kuhesabu na kupiga picha, lakini kombe libaki pale lilipo, hata kama ni tupu, kwa sababu wapo kaa wadogo wasio na gamba gumu mgongoni ambao huishi ndani ya makombe yaliyoachwa, na kila wanapokua hulazimika kutafuta jingine kubwa zaidi.

Kuhusu saa, utazame mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya huku kwetu hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, na miamba hubaki wazi kwa muda wa kutosha. Wakati wa maji mafu bahari hupwa kidogo tu, nanyi mtarudi mkiwa mmeona mchanga na mivinje.

Mkazi wa Mjimwema
Kama nia ni kuokota, dada yangu, vukeni Kigamboni mwende kusini hadi upande wa Kimbiji, ambako siku za kazi mtu hutembea kitambo kirefu asikutane na yeyote isipokuwa wavuvi. Msihangaike kuchimba mchanga. Fuateni ule mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji yaliyojaa usiku, maana humo ndimo vitu vyepesi hukwama. Kila kombe ligeuzwe na kuchunguzwa mdomoni kabla ya kutiwa mfukoni, na likiwa na mwenyewe lirudishwe majini. Nyumbani yaloweke katika maji baridi na kuyasugua kwa mswaki mkuukuu. Dawa ya kung'arishia nguo huharibu rangi, nami nimepoteza simbi nzuri kwa njia hiyo.

Mpiga mbizi mstaafu
Naomba niongeze jambo moja ambalo si la mzaha. Wapo konokono wa bahari wenye umbo la pia, wanaoitwa koni, ambao gamba lao lina michoro ya kuvutia na ambao huchoma kwa jino lenye sumu. Aina moja, *Conus geographus*, imewahi kuua watu. Mtoto aelezwe mapema kwamba gamba la umbo hilo haliguswi kwa mkono, hata likionekana tupu.

Vilevile asisikitike simbi zake zikiwa zimefifia. Simbi hai hulifunika gamba lake kwa nyama yake laini, na huko ndiko mng'ao unakotoka. Ikishafagiwa na mawimbi huchakaa upesi. Zile zinazong'aa kama kioo kwenye meza za wauzaji, kwa kawaida zilitolewa majini zikiwa hai, na kwa sababu hiyo mimi sizinunui.

Mama wa Tegeta
Nawashukuruni nyote, shikamoo Mzee. Tutaanza na Kimbiji bamvua ijayo, nami nimekwisha mchorea binti umbo la koni katika daftari lake. Mbudya tutakwenda baadaye, na siku hiyo kopo litabaki nyumbani, ingawa amekwisha uliza kama kaa hao wadogo wanaweza kupelekewa makombe kutoka kwenye kopo lake.

Mzee wa Kunduchi
Marahaba. Mwambie awaulize askari wa hifadhi wenyewe akifika; ni swali zuri kuliko mengi wanayoulizwa.