Mgagani kupimwa vinasaba: faida kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini au ulaji wa watafiti?

Mwanauyole: Wadau, kwenye mafunzo ya wakulima mtaalamu katuambia mgagani umehamishwa ukoo. Zamani uliwekwa kundi moja na mikapari, ile jamii ya Capparis, vichaka vya porini vyenye miiba iliyopinda inayong'ang'ania nguo. Walipolinganisha vinasaba wakakuta uko karibu zaidi na kabichi. Sasa hiyo si kuchezea hela? Mimi nataka mbegu inayoota, naletewa ukoo! Na kuupika kwenyewe wengi hawajui. Nenda Iringa, wanauchemsha na kumwaga maji yake mara mbili mpaka unabaki kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa.

KihesaJuu: Kamwene. Mleta mada, Iringa imeingiaje hapa? Maji yanamwagwa kwa sababu mgagani ni mchungu. Ninyi wa Mbeya mnaula na uchungu wake halafu mnajisifu.

Darubini: Tutoke jikoni kidogo. Mwaka 1998 wataalamu waliweka kabichi, mgagani na mikapari familia moja. Mwaka 2002 ukachapishwa ulinganishaji wa vinasaba vya kloroplasti, zile chembe za kijani ndani ya jani: mgagani na kabichi ni ndugu wa karibu, mikapari imetengana nao mapema zaidi. Kufika 2009 zikatambuliwa familia tatu. Kwa macho ungeapa mgagani ni wa mikapari, maana stameni, vile vijiti vya chavua, zimechomoza, na tunda limekaa kwenye kikonyo chake kirefu. Ua linadanganya. Mkapari wa Mediterania ndio ule ambao vitumba vyake Waitaliano huvitia chumvi au siki.

DadaMwanjelwa: Kaka Darubini, asante kwa shule, ila huyu wa Iringa hajajibiwa. Mimi nauza mboga. Kuna mgagani wa shina la zambarau na wa shina la kijani, na wateja wanachagua, wengine wanalipindua fungu zima kutafuta kijani. Uchungu hautolewi kwa kumwaga maji, unapozwa kwa maziwa na karanga.

KihesaJuu: Maziwa? Bibie, hiyo ni mboga au uji?

Mwanauyole: Jamani, mbegu! Msimu uliopita niliuziwa pakiti imeandikwa mgagani, duka silitaji, ukaota mchicha. Vipimo hivyo vingenisaidia nini?

Darubini: Kwako, hakuna. Jani la mgagani lina vidole, mara nyingi vitano, na mchicha hauna. Macho yanatosha. Ila ukitaka kujua kama wa zambarau wa Rungwe na wa Isimani ni mbegu moja, hapo unahitaji alama za vinasaba zinazotofautiana hata ndani ya aina moja. Na ziko za kuaminika na za mashaka. Zile ziitwazo RAPD, matokeo husomwa kama michirizi kwenye jeli, na maabara mbili zinaweza kupata michirizi tofauti kwa jani lilelile.

KihesaJuu: Yaani hata wenyewe hawaelewani, halafu mnataka niache kumwaga maji.

Darubini: Nani kakwambia uache?

MzeeWaTukuyu: Vijana mnazunguka. Mbegu ikishaingia maabara ni ya nani? Arusha kuna kituo cha kimataifa cha mboga kinachohifadhi mbegu za mboga za asili, mgagani ukiwemo. Sisemi wanaiba. Nauliza tu, bibi aliyechagua mbegu bora miaka yote na kuzifunga kwenye kitambaa juu ya dari, ameandikwa wapi?

KihesaJuu: Shikamoo mzee. Hao wa Arusha nao wanamwaga maji?

MzeeWaTukuyu: Marahaba. Wewe una shida.

DadaMwanjelwa: Muache, mzee. KihesaJuu, njoo Jumamosi na sufuria yako. Wa maziwa na wa kumwagwa, mtu aonje bila kuambiwa upi ni upi.

KihesaJuu: Nakuja. Ila mwonjaji asiwe Mnyakyusa, hukumu yake tunaijua.

DadaMwanjelwa: Basi tumlete Mkinga, ila jiandae, atatutoza ada ya kuonja.